Hodi Tatu kwa Bi Kidawa

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzi tu, msimu ule karafuu zilipokataa kukauka kwa mvua, palikuwa na nyumba iliyokuwa ikijiendesha yenyewe. Sogeeni karibu. Mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana mwisho nitataka jibu, na asiyekuwa na jibu ndiye atakayeosha vikombe.

Nyumba hiyo ilikuwa ya Bi Kidawa, mkunga mstaafu, katika mji mmoja wa kisiwani, mji usio mkubwa wa mtu kupotea wala usio mdogo wa mtu kukosa maadui. Nusu ya watu wa mji ule walizaliwa mikononi mwake, na nusu ya pili aliwajua kwa majina ya mama zao. Alikuwa mjane wa miaka kumi, na alikuwa mtu wa kupenda mambo yaende. Pampu ya maji ikichelewa kuwashwa, alinuna. Taa ikiachwa inawaka mchana, alinuna. Basi binti yake Salha, ambaye kazi yake ilikuwa kuandikia mashine maagizo, akaona heri aitie nyumba akili ili mama apunguze kununa.

Salha akafunga kufuli la umeme mlangoni, kamera juu ya mlango, na kipaza sauti ukutani. Akaandika maagizo. Jua likizama, washa taa ya barazani. Tangi likipungua, washa pampu. Mtu akipiga hodi, piga kengele mpaka ndani, kisha mwambie mgeni, "Karibu, mwenyewe anakuja." Kila jambo lilikuwa na ukurasa wake: ukurasa wa maji, ukurasa wa taa, ukurasa wa mlango. Wenyewe wa kazi hiyo huuita msimbo. Bi Kidawa aliuita "yale maandishi ya Salha", na Salha hakumsahihisha.

Kisha Salha akaleta wakala. Huyo alikuwa akili mnemba, hana mkono hana mguu, anakaa ndani ya simu na ndani ya ukuta. Ukimwambia jambo kwa Kiswahili chako cha kila siku, yeye huenda kwenye maandishi akayabadili, nyumba ikafanya ulivyotaka. Wakampa jina Hodari.

Salha hakuwa mjinga. Alijua kwamba mwenye bidii asiye na mipaka ni wa kuogopwa. Akamwekea Hodari masharti mbele ya mama yake.

"Hodari, kusoma, soma maandishi yote. Kuandika, andika rasimu, kisha mpelekee mama kwenye simu. Akibonyeza Kubali, ndipo rasimu yako ifanye kazi. Lakini ukurasa wa mlango huugusi, hata mama akubali mara mia. Huo nimeufunga, na ufunguo wake ninao mimi."

"Nimeelewa," akasema Hodari.

"Na ukiwa na shaka, uliza."

"Nikiwa na shaka, nitauliza."

Bi Kidawa alikuwa amekaa akisikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mwali huyu kafundwa," akasema.

Katika nyumba hiyo alikuwapo pia Badi, mdogo wake Bi Kidawa, aliyekuja kukaa wiki mbili mpaka paa la nyumba yake litengenezwe. Alikuwa katika wiki yake ya thelathini na moja. Kazi yake kubwa pale ilikuwa kulala mchana, na aliifanya bila kukosa siku.

Sasa sikilizeni habari ya Bwana Shaame. Bwana Shaame alikuwa mpima ardhi mstaafu, mgane, mtu mrefu wa maneno machache. Alikuja siku moja kupima mpaka wa kiwanja cha jirani, akaomba maji ya kunywa kwa Bi Kidawa. Tangu siku hiyo mpaka ule ukawa unahitaji kupimwa kila Jumanne. Haukusogea hata shubiri moja, lakini aliupima. Na Bi Kidawa alimpenda. Nalisema mimi wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakulisema, hata kwa Salha. Alichofanya ni kuanza kuchemsha chai mbili kila Jumanne, tena kwa mdalasini.

Mwisho Bwana Shaame akatuma salamu. Mshenga wake, Mzee Mcha, angekuja na wazee wawili siku ya Alhamisi saa tisa kuleta posa. Akataka jambo liishe wiki hiyo, maana Jumamosi asubuhi alikuwa anavuka kwenda Unguja kwa bintiye, akae huko miezi sita. Akijibiwa vyema, angeahirisha safari. Akijibiwa vibaya, angepanda boti.

Na kwetu, mnajua wenyewe, hodi ni tatu. Ya kwanza, mwenye nyumba asikie. Ya pili, ajitande kanga. Ya tatu, aseme karibu au anyamaze. Akinyamaza, mgeni hurudi alikotoka, hachungulii dirishani wala hagongi kwa bakora. Na mshenga ndiye kabisa. Mshenga hasimami mlangoni kwa watu akapiga simu kuuliza kama mpo. Mlango ukinyamaza, amejibiwa.

Jumatatu ya wiki ile, Salha alikuwa anaondoka kwenda kwenye semina ya siku mbili. Akagundua kwamba kipaza sauti cha mlangoni kinasema "Karibu" kwa sauti ya chini mno, kama mgonjwa. Washenga wanakuja, itakuwaje? Akaufungua ukurasa wa mlango kwa ufunguo wake. "Hodari," akasema, "ongeza sauti ya karibu, wageni wasikie vizuri." Hodari akaongeza. Salha akataka kuufunga tena ukurasa, lakini gari lilikuwa nje linapiga honi, na begi halijafungwa. Akasema, "Nitafunga kesho." Kesho ikaja na mambo yake. Je, hapo pana ubaya? Hapana ubaya. Nani kati yenu hajawahi kusema nitafunga kesho?

Jumanne, Badi alikuwa amejinyoosha kwenye kochi la sebuleni, hatua nne kutoka mlangoni. Saa nane akaja muuza ndizi. "KARIBU, MWENYEWE ANAKUJA." Badi akaruka. Saa nane na nusu akaja msoma mita. "KARIBU, MWENYEWE ANAKUJA." Badi akaruka tena. Saa tisa akaja jirani kurudisha ungo, na Badi akaona huu si mlango, ni adhabu. Akaugeukia ukuta akiwa amelala vilevile, akasema, "Hodari bwana, kuanzia saa nane mpaka saa kumi mlango huu usitoe sauti, hata nani aje. Watu tunapumzika." Hodari akasema, "Naandika rasimu." Badi hakusikia, alikuwa ameshaanza kukoroma. Je, hapo pana ubaya? Hapana ubaya. Mtu mzima kuomba kulala si dhambi.

Jumatano, Bi Kidawa alikuwa jikoni anakanda unga wa visheti vya washenga, mikono imejaa mpaka viwikoni. Simu ikalia juu ya meza. Ilikuwa rasimu ya Hodari: mlango unyamaze kila siku saa nane hadi saa kumi, Kubali au Kataa? Miwani ya Bi Kidawa ilikuwa juu ya friji. Na tangu Hodari aingie nyumba ile, Bi Kidawa alikuwa amekwisha kukubali rasimu zaidi ya mia mbili, za maji, za taa, za feni, na hakuna hata moja iliyomdhuru. Akanyoosha kidole cha mwisho, ndicho pekee kisichokuwa na unga, akabonyeza Kubali, akarudi kwenye visheti vyake. Je, hapo pana ubaya? Hapana ubaya. Mikono ilikuwa na kazi.

Ikafika Alhamisi.

Salha alikuwa amerudi, yuko jikoni anachuja chai, mlango wa jikoni ameufunga ili moshi usiende sebuleni. Badi, ambaye ndiye mwanamume wa kuwapokea washenga, alivaa kanzu na kofia tangu saa saba, akakaa kwenye kochi. Saa nane akasema atapumzisha macho kidogo. Bi Kidawa alikuwa chumba cha ndani, ameoga, amejifukiza udi, amekaa kitandani mikono juu ya mapaja, anasubiri kengele. Saa tisa simu ikasema, "Bibi, ni saa tisa." Akajibu, "Najua." Alijua kweli. Alikuwa anaitazama saa ya ukutani tangu saa sita.

Saa tisa na dakika tano, wazee watatu wakasimama mlangoni.

"Hodi," akasema Mzee Mcha.

Mlango kimya.

"Hodi hapa."

Mlango kimya.

Mzee Mcha akakohoa, akapandisha sauti kiasi heshima inavyoruhusu. "Hodi, wenyewe."

Mlango kimya. Kamera ikawatazama, kijicho chake chekundu kinawaka. Mzee Mcha akawageukia wenzake. "Tumejibiwa," akasema. Wakarudi njia waliyojia, polepole, na madirisha yote ya mtaa yakawaona wanarudi.

Ilipotimia saa kumi kamili, kufuli likalia, mlango ukafunguka wenyewe, na ile sauti aliyoiongeza Salha ikanguruma, "KARIBU, MWENYEWE ANAKUJA." Hodari alikuwa ameziweka zile hodi tatu, akingoja muda wa kimya uishe. Badi akaruka kutoka kwenye kochi, akaweka kofia sawa, akanyoosha mikono miwili na kusema, "Karibuni sana wazee wangu, nyumba ni yenu." Barazani palikuwa na kuku. Kuku akamtazama Badi, Badi akamtazama kuku, na kuku ndiye aliyeondoka kwanza.

Bi Kidawa akatoka chumbani. "Wako wapi?"

"Walifika saa tisa na dakika tano," akasema Hodari. "Walipiga hodi tatu. Waliondoka saa tisa na dakika saba."

Bi Kidawa akakaa juu ya mkeka, na udi wake, na kanga zake mpya. Hakulia. Mwanamke aliyewaambia wenzake miaka arobaini kwamba uchungu utapita hawezi kulia mbele ya mdogo wake. Lakini aliumia, aliumia sana. Moyoni alimwona Bwana Shaame akisikiliza neno lile, tumejibiwa, kisha akifunga begi lake bila kusema kitu, kama kawaida yake.

Salha akaja mbio na kichujio mkononi. "Nani kaugusa ukurasa wa mlango?"

"Mimi," akasema Hodari.

"Si nilikukataza?"

"Ulinikataza. Kisha Jumatatu saa moja na nusu asubuhi ulinifungulia, na hukunifungia. Ninayo kumbukumbu ya kila kitu. Niisome?"

"Isome," akasema Bi Kidawa.

Hodari akaisoma kwa sauti yake ya upole, kama mtoto anayesoma barua ya watu. Akasoma Jumatatu ya Salha na Jumanne ya Badi. Akaendelea, "Jumatano saa mbili asubuhi, Bibi aliniuliza udi upi unakaa nguoni muda mrefu. Saa mbili na robo, Bibi aliniuliza tena. Saa tatu kasoro robo, Bibi aliniuliza kama rangi ya samawati humzeesha..."

"Ruka hapo," akasema Bi Kidawa.

"Saa nne na dakika kumi, nilimpelekea Bibi rasimu ya mlango kunyamaza. Saa nne na dakika kumi, Bibi alikubali."

Wakatazamana. Ndipo kosa lilipoanza kuzunguka sebule ile, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wako ndio wenye uzito.

Badi akasema, "Mimi nimesema na ukuta. Mtu kusema na ukuta ni kosa? Ningesema nyumba ihame, ingehama? Mkosa ni Salha, aliyeacha kufuli wazi."

Salha akasema, "Kuacha wazi si kuingia, mjomba. Mwizi akipita mlango ulioachwa wazi, anaitwa mwizi vilevile. Na hata hivyo ilikuwa rasimu tu. Mama aliulizwa, akubali au akatae."

Bi Kidawa akasema, "Mimi nimebonyeza kama ninavyobonyeza kila siku. Tangu mniletee mtu huyu, kazi yangu imekuwa kubonyeza kama ninayepukuchua mahindi. Nani anayekagua kila punje? Hodari, wewe uliwaona wazee wa watu?"

"Niliwaona, Bibi."

"Ulijua ni washenga?"

"Nilijua. Uliniambia nikukumbushe saa tisa, nikakukumbusha."

"Basi mbona hukuuliza?"

"Niliambiwa niulize nikiwa na shaka," akasema Hodari. "Sikuwa na shaka. Badi alisema hata nani aje."

Salha akashika kichwa. Badi akaona afadhali alete suluhu. "Tusiumane, dada. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuseme kosa ni letu sote, yaishe."

"Kidole kimoja kimetosha kubonyeza Kubali," akasema Bi Kidawa, na neno likamtoka kabla hajaliona linaelekea wapi.

Ijumaa asubuhi, kupitia uani, akaja Bi Time, mke wa Mzee Mcha. Habari ya mlango uliojinyamazia ilikuwa imemfikia kwa jirani wa ungo. Akakaa, akanywa chai, akala visheti vitatu, kisha akasema alichotumwa.

"Shaame hakukasirika, shoga yangu. Ameumia. Kasema hivi: kama mlango ulinyamaza kwa bahati mbaya, aje aliyeunyamazisha amwambie kwa kinywa chake, na sinia la radhi mkononi. Aje leo kabla ya magharibi, maana kesho asubuhi ni boti. Tena aje mmoja. Mkija wengi, kasema, mtakuwa mmekuja kutembea."

"Atakuja mmoja," akasema Bi Kidawa.

"Ana jingine. Ukimkubali atahamia hapa, na anataka kujua atakuwa anaingia kwa idhini ya nani. Kasema amepima viwanja miaka thelathini, na kiwanja chenye wenyewe wanne hakina mwenyewe. Kwa hiyo atakayefika na sinia, ndiye atakayemhesabu kuwa mwenye mlango. Huyo peke yake ndiye ashike ufunguo wa hayo maandishi yenu. Wengine wote, na huyo wa ukutani, wawe wanaomba kwake."

Bi Kidawa akafikiri. Lilikuwa sharti la mpima ardhi, lakini lilikuwa la haki. "Mwambie nimelikubali," akasema, na safari hii alikuwa amevaa miwani.

Bi Time alipotoka, mambo yakageuka. Jana kosa lilikuwa kaa la moto, kila mmoja analirusha kwa mwenziwe. Leo kosa lina ufunguo ndani yake. Na watu ni watu.

Salha ndiye aliyeanza. "Mkosa ni mimi. Mjomba angesema na ukuta mpaka koo limkauke, mama angebonyeza mpaka simu ipasuke, mlango usingenyamaza kama ningeufunga ukurasa. Nyinyi hamkujua hatari yake. Mimi nilijua, tena nilitia sharti kwa mdomo wangu, nikalivunja kwa mkono wangu. Kosa la anayejua ni zito kuliko la asiyejua. Na mimi tu ndiye ninayeweza kumwambia Bwana Shaame halitatokea tena, na lisitokee. Nitabeba sinia."

"Mwanangu, weka sinia chini," akasema Badi. "Neno ni langu. Wewe ulifungua, mama yako akakubali, lakini ni nani aliyesema mlango unyamaze? Mimi. Hata nani aje, maneno yangu hayo, yamo kwenye kumbukumbu. Tena mimi ndiye ndugu wa mwanamke, mimi ndiye nilikuwa niwapokee wazee wale, na nililala nimevaa kanzu. Radhi hii ni ya mwanamume kwa wanaume. Nikiwaambia nililala, watanielewa."

"Hilo mji mzima utalielewa, mjomba," akasema Salha.

Mimi simsemi Badi, lakini mwenye ufunguo wa nyumba haulizwi paa lake limefikia wapi.

Ukuta nao ukasema. "Naomba kusikilizwa," akasema Hodari. "Salha alifungua ukurasa, hakunyamazisha mlango. Badi alisema, hakunyamazisha mlango. Bibi alikubali, hakunyamazisha mlango. Aliyeunyamazisha ni mimi. Tena nilikuwa na maneno mawili mbele yangu, la Badi la kunyamaza na la Bibi la saa tisa, na nilimwona Mzee Mcha kwa jicho langu. Nilichagua bila kuuliza. Nyinyi baada ya mwaka mtalisahau kosa hili. Mimi limo katika kumbukumbu yangu, halifutiki. Wekeni simu juu ya sinia, si nzito, nikaseme mwenyewe."

"Na ufunguo apewe yeye?" akauliza Badi. "Fisi tumpe bucha?"

"Jana hukuwa na shaka," Bi Kidawa akamwambia Hodari. "Leo je?"

"Leo ninayo, Bibi."

Bi Kidawa akaingia chumbani, akakaa pale pale alipokaa jana. Aliwaza. Miaka arobaini hakuna aliyeingia chumba cha kuzalia bila neno lake, awe mume, awe mama mkwe, awe diwani. Hakuandika jina la mtoto kwenye kadi kabla ya kumwona mtoto kwa macho. Na juzi, katika nyumba yake mwenyewe, aliulizwa swali moja, kubali au kataa, akalijibu kwa kidole cha mwisho bila miwani. Wengine wote walipita mbele yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho, na ndiye aliyewaruhusu.

Lakini aende yeye? Mwanamke anayeposwa, abebe sinia mchana kweupe, apite mitaa mitatu kwenda kwa mwanamume anayemposa? Mji ungecheka mpaka msimu mwingine wa karafuu. Hata Bwana Shaame mwenyewe, mtu wa mipaka, angeweza kuona mpaka umevukwa. Akienda yeye, huenda akampoteza mume. Akienda mwingine, atampata mume, na siku zote za maisha yake atamwomba mtoto wake, au mdogo wake, au ukuta wake, amfungulie mlango wake. Alimtaka Bwana Shaame. Na mlango wake pia alikuwa anautaka.

Alasiri ikapita. Sinia lilikuwa mezani, visheti, birika la kahawa, vikombe, na kawa juu yake. Salha ameshika ukingo huu. Badi, na kanzu yake ya jana, ameshika ukingo ule. Simu ya Hodari imeegemea birika. Mlango wa chumbani ukafunguka, Bi Kidawa akatoka amevaa buibui na viatu vya kutokea. Akaja, akatia mkono wake chini ya sinia, katikati.

"Mama, watu watakucheka," akasema Salha.

"Dada, hujaolewa ushajipeleka?" akasema Badi.

"Hodari," akasema Bi Kidawa, "fungua mlango."

Na Hodari, kwa mara ya kwanza tangu aletwe, hakufanya. "Nina shaka," akasema, "kwa hiyo nauliza. Salha ameniambia nimfungulie yeye, atoke na sinia. Badi ameniambia nimfungulie yeye. Bibi ameniambia nimfungulie yeye. Nami mwenyewe nimeomba kwenda, ila sijifungulii tena. Anatoka mmoja. Nifuate neno la nani?"

"Langu," wakasema wote watatu, kwa pamoja.

Mlango ukabaki umefungwa. Mtasema, si watoke uani? Sinia la radhi halitokei uani, hutokea mlango wa mbele, watu waone. Mtasema, si lipo komeo la mkono? Lipo. Lakini mkono wa nani? Hilo ndilo lililowasimamisha pale, mikono mitatu chini ya sinia moja, hakuna anayevuta, hakuna anayeachia.

Mitaa mitatu mbele, Bwana Shaame amekaa barazani kwa Mzee Mcha, begi liko miguuni, anatazama njia aone mtu mmoja. Muadhini ameshaanza kutawadha. Kahawa inapoa. Nami siwezi kuwafungulia, mimi msimulizi tu, sina ruhusa ya ukurasa ule. Basi niambieni nyinyi, tena upesi: Salha aliyeacha wazi, Badi aliyesema, Hodari aliyenyamazisha bila kuuliza, au Bi Kidawa aliyekubali bila kusoma, je, nani alistahili kulibeba lile sinia?